Kulala Kando ya Sabaki, Kutoka Jilore Hadi Mlango wa Mto

Jumamosi

Watu wa Malindi bahari tunaijua. Tunajua siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na siku za maji mafu, na kusi, upepo wa kusini, likichacha tunajua nani atatoka na nani atafunga chombo. Mto hatuujui, na ndio tunaounywa. Maji ya mabomba ya mjini yanatoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa kando ya Sabaki, na maji hayohayo yanapelekwa Kilifi hadi Mombasa. Ukimwuliza kijana wa Shela au wa Maweni ni lini mara ya mwisho aliuona mto, atakwambia ni siku aliyopita darajani akiwa ndani ya basi la Lamu. Jambo hili limenisumbua kwa muda mrefu. Basi shule zilipofunga mwezi wa Agosti nikaamua kwamba tunakwenda kulala mtoni, na si kwenye kambi ya watalii yenye vitanda na taa. Hema, kuni, na maji yaleyale ya mto.

Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu ambaye ni fundi wa mashua, na mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye hajawahi kulala mahali pasipo na umeme. Dada yangu alikubali mtoto aende kwa sharti moja, kwamba asisogelee maji bila mtu mzima. Sharti hilo ni la haki. Sabaki ina mamba.

Mizigo tuliifunga tukijua huko hakuna duka, bomba wala choo. Dumu mbili za lita 20 za maji safi ya kuanzia, ndoo mbili zenye vifuniko, sufuria, unga, mchele, mbaazi, nazi na mbuzi ya kukunia, ndimu, chumvi, tende, kahawa na tangawizi. Panga, jembe dogo, kamba, turubai, kurunzi, vyandarua, na dawa za dharura. Shemeji akaongeza kipande cha shabu, nami nikatia mfuko wa mbegu za mronge, tupate kulinganisha kipi kinatuliza tope vizuri zaidi. Na gunia tupu la takataka, kwa sababu kila tutakachoingia nacho lazima tutoke nacho.

Matatu iliondoka mjini asubuhi, ikapita Ganda na Kakuyuni. Ukiwa kwenye barabara hii ya kwenda Sala, lango la Tsavo Mashariki, kushoto kwako una msitu wa Arabuko-Sokoke, takriban kilomita za mraba 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kulia, ardhi inateremka kuelekea bonde la mto. Magari ya wageni hupita hapa mbio yakiwafuata ndovu. Sisi tulishuka mbele kidogo ya Jilore, tukapakia mizigo kwenye bodaboda na kuteremka kulia.

Mwenyeji wetu ni mzee wa Kigiriama ambaye shemeji anajuana naye tangu siku alizokuwa akinunua mbao za mwembe kwake. Tulipiga hodi, tukapewa viti na maji ya kunywa, na habari za nyumbani zikaulizwa moja baada ya nyingine kabla hatujaitaja shida yetu. Ardhi ya huku yote ina mwenyewe, hata ile unayoiona ni pori tupu, na hakuna anayechomeka kigingi bila idhini.

“Mwataka kulala mtoni, na hapa nyumba ipo?” mzee akauliza.

“Ndiyo, baba,” shemeji akajibu. “Twataka huyu mtoto aujue mto.”

Mzee akaichukua fimbo yake, akatangulia.

Mpwa wangu aliupenda mchanga tambarare uliokuwa chini kabisa, karibu na maji, mweupe na laini. Mzee hakumkatalia. Alimshika mkono, akampeleka kwenye kichaka cha miiba na kumwonyesha manyasi makavu na vijiti vilivyonasa matawini, juu kidogo ya kifua cha mtoto. “Unaona, mjukuu wangu? Maji yalifika hapa. Na siku hiyo hapa kwetu hakukuanguka hata tone.”

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo anayelala kando ya Sabaki lazima alielewe. Mto huu haujazwi na mvua ya Malindi. Unaanzia bara, kwenye nyanda za juu upande wa Nairobi, ukiitwa Athi. Unapita Ukambani, unakutana na mto Tsavo ndani ya mbuga na kuwa Galana, na ukikaribia bahari ndipo sisi tunauita Sabaki. Safari nzima ni kama kilomita 390. Mvua kubwa ikinyesha Machakos leo, maji yatakufikia siku za mbele huku juu yako mbingu ni nyeupe. Usilitazame wingu, tazama vichaka: mstari wa takataka zilizonasa ndio mto wenyewe unaokuonyesha mpaka wake.

Pahali tulipopewa palikuwa juu ya ukingo, chini ya mkwaju mkubwa, mbali na maji na mbali pia na njia ya viboko ambayo mzee alituonyesha kwa fimbo. Vigingi vya hema havikushika, maana udongo ni mchanga mtupu. Shemeji akakata vijiti vya urefu wa mkono, akafunga kamba katikati ya kila kijiti, akavilaza ndani ya vishimo vya kina cha kiwiko, akafukia na kukanyaga. Ndivyo afungavyo turubai zake ufuoni wakati wa kusi. Tulijaribu kuzivuta kamba kwa nguvu zetu zote, hazikutoka.

Moto tuliuweka upande unakoelekea upepo, ili cheche zisirukie hema, juu ya mafiga matatu ya mawe tuliyopewa nyumbani kwa mzee, kwa kuwa ukingoni hakuna jiwe. Kuni tuliokota zilizoanguka zenyewe, hatukukata mti. Choo kilikuwa jembe: kila mtu ajichimbie shimo lake la inchi sita hadi nane, hatua nyingi kutoka mtoni, si pungufu ya mita 60, kisha afukie. Nalitaja wazi kwa sababu watu hulionea haya, na ndilo linalochafua kando za mito kuliko jambo jingine lolote. Chini ya hapo kuna wanawake wanaoteka maji.

Magharibi ilipoingia tulitandika mkeka. Kibla kwetu sisi ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, maana Makka na Malindi zinakaribiana sana kwa longitudo. Na kwa kuwa tulikuwa ng'ambo ya kusini ya mto, tuliswali tukiuelekea mto wenyewe, na nyuma yake ng'ambo ya pili ikizidi kuwa nyeusi. Sijapata kuswali mahali palipotulia namna ile.

Usiku ulikuwa wa giza, mwezi haupo. Tulichoma majani ya mwarobaini pembeni ya moto kufukuza mbu, tukala wali na mbaazi za nazi, tukaingia ndani mapema. Yapata saa tano viboko walianza. Kwanza kikohozi kimoja kizito majini, kisha mwingine akajibu kutoka juu ya mto, kisha wote kwa pamoja. Mpwa wangu alinishika mkono bila kusema neno. Nilimweleza alichotueleza mzee: kiboko hutoka usiku kula majani, na njia yake anaijua tangu zamani. Hatari yake ni pale mtu anaposimama kati yake na maji. Sisi hatukuwa kati yake na maji. Baada ya muda tulisikia nyasi zikikatwa, si mbali, mkato mmoja baada ya mwingine, taratibu, mdomo mpana ukifanya kazi yake. Shemeji alikuwa ameiacha taa ya chemli ikiwaka nje. Hakuna aliyeufungua mlango wa hema mpaka alfajiri.

Jumapili

Nilitoka saa kumi na moja. Kilimia kilikuwa juu sana, na nyota zake unaweza kuzihesabu moja moja. Mjini hatukioni hivi siku hizi, taa zimekula mbingu.

Kulipopambazuka tulikwenda kuitazama njia ya kiboko. Ni kitu cha kuonwa. Si ujia mmoja kama wa ng'ombe, bali mifereji miwili inayokwenda sambamba, na katikati tuta la nyasi ambalo halikukanyagwa, kwa sababu miguu ya kushoto ya mnyama huyu inapita mbali na ya kulia na tumbo linapita juu. Nyayo zina vidole vinne vilivyotanuka. Vichakani, kwa kimo cha kiuno cha mtu, mavi yalikuwa yametapakaa kwenye majani. Mjukuu wa mzee, kijana wa rika la mpwa wangu, akatusimulia sababu. Kiboko alipomwomba Mungu ruhusa ya kukaa majini, Mungu alikataa, akihofia samaki watakwisha. Kiboko akaapa kwamba hatakula hata mmoja, na kila akienda choo atayatawanya kwa mkia ili Mungu ajionee mwenyewe kwamba hamna mwiba. Mpaka leo anatimiza kiapo. Mpwa wangu aliuliza kama samaki nao waliambiwa.

Kazi kubwa ya siku ilikuwa maji. Wanawake wa hapa hawateki mahali popote tu. Wamejenga boma la matawi ya miiba ndani ya mto, nusu duara linaloanzia ukingoni na kurudi ukingoni, na ndani ya duara hilo ndimo wanamotekea. Hata hapo mama mmoja hakuinama. Alikuwa na kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, akachota akiwa amesimama mbali na ukingo. Tuliamkiana, nikamwomba atufundishe. Akampa mpwa wangu ule mti, akamwambia, “Macho majini, mwanangu, si kwenye ndoo. Ndoo haina meno.”

Maji yakiwa ndooni yana rangi ya chai ya maziwa. Chovya kidole hadi kifundo cha kwanza na huioni tena kucha. Tukayapa mtihani wetu. Kwenye ndoo ya kwanza shemeji alilizungusha pande la shabu ndani ya maji kwa mkono, mizunguko kadhaa, akalitoa, akafunika. Ya pili ilikuwa yangu. Nilibambua mbegu za mronge, mbegu mbili kwa kila lita kwa kuwa maji yalikuwa machafu sana, nikazitwanga mpaka unga mweupe, nikauchanganya na maji kidogo kikombeni na kuuchuja kwa kipande cha leso. Yale maji meupe nikayamimina ndooni, nikakoroga kwa kasi kidogo, kisha polepole kwa dakika tano.

Sasa ndipo pa kutazama. Kwanza haionekani kitu. Halafu tope linaanza kushikana, chembe kwa chembe, mpaka unaona vijipande vidogo vya kahawia vikielea na kati yake maji meupe yakipenya. Vijipande vinakua, vinakuwa vizito, vinaanza kushuka, na juu ya ndoo inabaki tabaka la maji linaloongezeka taratibu. Mpwa wangu alikaa pale muda wote akiwa amepiga magoti, mara ndoo hii, mara ile. Shabu ilitangulia. Haikupita saa moja tukauona mduara wa chini ya ndoo. Mronge ulichukua muda mrefu zaidi lakini ukafika palepale. Tofauti iko kwenye ladha: maji ya shabu yanaacha ukakasi ulimini, ya mronge hayana. Ila ya mronge hayafai kulala zaidi ya siku, yanaanza kunuka, kwa sababu umetia kitu cha mmea ndani yake. Chini ya kila ndoo ilibaki keki ya udongo mwekundu, nene kuliko nilivyodhani.

Na hapo kazi haijaisha. Maji yaliyotulia si maji salama, vijidudu vingine vinabaki. Tuliyachemsha mpaka yakatokota hasa, tukayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukiyafanya haya kila siku kwa ajili ya watu watatu tu, unaanza kumheshimu mama anayeyafanya kwa ajili ya watu kumi, kila siku ya mwaka. Nami nafikiri kila anayefungua bomba Malindi angefaa aifanye kazi hii angalau siku moja.

Mchana yule kijana alituletea kambare wawili, aliowavua kwa ndoana. Kambare ana ute unaomshinda mtu asiyemzoea. Hatukutumia maji. Tulimsugua kwa majivu ya moto wetu mpaka ute ukatoka wote, ngozi ikawa kavu inashikika, ndipo tukampasua. Tulimchoma juu ya makaa, kisha tukampaka tui zito lenye ndimu na chumvi, tukamrudisha motoni mara ya pili. Sima, kambare, na mtsunga, mboga ya majani tuliyotumiwa na mke wa mzee. Sitasema mengi. Mtsunga ni mchungu, na uchungu wake ndio unaoukata unono wa tui.

Jioni mzee alikuja kuota moto. Tulimpa kahawa na tende, akakaa kimya kwa muda akiitazama ng'ambo ya kaskazini. Kisha akasema bibi yake alivushwa mto huu akiwa msichana, kutoka kule kuja huku, kwa nguvu.

Habari yenyewe ni hii. Wagiriama walikuwa wameshavuka Sabaki na kulima upande wa kaskazini, ardhi yenye rutuba, na nafaka yao ilikuwa ikiuzwa Malindi. Mtu mwenye ghala lililojaa haendi kufanya kibarua kwenye shamba la mwingine, na serikali ya Waingereza ilitaka vibarua na kodi. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwaapisha watu wasikubali. Akakamatwa mwaka wa 1913, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikachomwa, na Wagiriama wakaamriwa wauhame upande wa kaskazini wa mto. Wengi walihamishwa, na haikupita miaka mingi serikali ikalazimika kuwaachia warudi. Sanamu ya Mekatilili tunayo Malindi mjini, tunapita mbele yake kwenda sokoni. Lakini mimi nimeisikia habari hii mara nyingi bila kuuona mto ndani yake. Pale, maji yakiwa mbele yetu, mapana na mepesi kwa kiangazi, mzee alinyoosha fimbo na kusema walivuka pale, kwenye kile kisiwa cha mchanga, mbuzi mbele na watoto mgongoni, na mamba walikuwapo siku hizo kama leo. Mpwa wangu hakuuliza kitu. Alikuwa akipima upana kwa macho.

Jumatatu

Tulivunja kambi baada ya alfajiri. Majivu tuliyalowesha mara mbili, tukayakoroga kwa mkono mpaka tukahakikisha hamna joto, tukayafukia. Mafiga tuliyarudisha nyumbani. Mzee alipita kukagua na hakuona la kusema, ila alituuliza kama tumesahau chochote, nasi tukampa unga uliobaki na nazi mbili. Mronge uliosalia yule mama wa mtoni aliutaka kwa ajili ya kupanda.

Siku iliyobaki ilikuwa ya barabara: bodaboda, matatu mpaka mjini, tuktuk kufuata njia ya Lamu hadi upande wa darajani. Mjini tulisimama kwa muda mfupi tu kujaza dumu, kwa sababu karibu na bahari maji ya mto yana chumvi na hayana msaada.

Alasiri tulifika kwenye mlango wa mto. Hapa nako hukaribii kabla ya kuonana na wenyeji. Vijana wa kijijini wanaoongoza watu kutazama ndege walitutembeza, tukalipa walichotaja, wakatuonyesha pa kulala nyuma ya vilima vya mchanga, nje ya upepo. Kwa kuwa ilikuwa bamvua, walitusogeza juu zaidi ya alama ya maji ya siku ile. Viboko wako hapa pia, kundi dogo linalokaa maji ya ndani karibu na mikoko. Nilishangaa kuwasikia tena huku ngurumo ya mawimbi iko upande wa pili.

Kusi lilipiga usiku kucha na mchanga ukaingia kila mahali. Hema lilishika.

Jumanne

Wakati wa bamvua kwetu maji hujaa alfajiri na alasiri, na saa nne asubuhi bahari iko mbali. Ndio wakati wa kuwa pale. Tuliamka kukiwa kumejaa, mlango wote ni ziwa moja, na ndege wamejibana kwenye ndimi za mchanga. Kisha maji yakaanza kutoka. Tope likajitokeza kwanza kama vipande, baadaye uwanja mzima, na kila palipofunuka palikuwa na miguu inayotembea. Heroe waliinamisha vichwa na kuchuja, mwari waliogelea kwa safu wakiwasukuma samaki pembezoni, shakwe walipiga kelele juu.

Kijana mwenyeji akatuonyesha kundi lililotulia mchangani, ndege wadogo wa rangi ya kahawia wenye tumbo la rangi ya kutu na mbawa ndefu zilizochongoka. Hawa huzaliana Madagaska tu, na miezi ya kusi huvuka bahari kuja pwani yetu. Mwezi huu wa Agosti Sabaki huwa na makundi yao makubwa. Waliruka wote kwa pamoja, wakageuka mara moja, wakatua palepale. Mpwa wangu aliomba darubini, akaing'ang'ania mpaka jua likawa kali. Kuna watu wanatoka Ulaya kuja kumtazama ndege huyu, na ukitoka mjini ni mwendo mfupi wa tuktuk.

Lakini jambo nililokuwa nimekuja kuliona ni rangi ya maji. Ukisimama juu ya kilima cha mchanga unaona mpaka kwa macho: mto unaingia baharini ukiwa wa kahawia, na mstari wake haunyooki kwenda mbele, unapinda kushoto kwenda Mambrui, kwa sababu kusi linausukuma kaskazini. Upepo ukigeuka kuwa kaskazi, tope hilohilo linaletwa kusini, kwenye ghuba ya Malindi na kuelekea mbuga yetu ya bahari, iliyotengwa mwaka wa 1968. Ndiyo maana mji wetu una misimu miwili ya bahari, na ndiyo maana ufuo wa ghuba umezidi kupanuka, majengo yaliyokuwa karibu na maji yakabaki mbali nayo.

Watu wa mjini husema mto umechafua bahari. Mimi silikubali neno hilo. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja kuukuu la mbuga yetu ya bahari, lenye umri wa karibu miaka 300, wakasoma ndani yake kiasi cha udongo ulioletwa na Sabaki mwaka hadi mwaka. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2007. Kwa muda mrefu udongo ulikuwa kiasi kilekile, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ukaanza kupanda, wakati wa ukoloni, miteremko ya bara ilipokatwa misitu na kulimwa bila kinga. Mto hautengenezi tope. Unabeba unachopewa. Ile keki nyekundu iliyobaki chini ya ndoo zetu kule Jilore ni shamba la mtu wa Machakos au Kitui, alilokuwa akilitegemea, na sasa linapita mbele yetu kwenda Mambrui. Nilimwonyesha mpwa wangu mstari ule wa maji, nikamkumbusha ndoo. Akaniuliza kama matuta yakichimbwa kule juu udongo utabaki. Nikamwambia ndiyo, na kuna watu Ukambani wamekuwa wakichimba matuta hayo kwa miaka mingi, na penye matuta shamba hubaki.

Adhuhuri upepo ulizidi na mchanga ukaanza kuchoma miguu. Tukakunja. Gunia letu la taka lilikuwa limejaa nusu, nusu ya pili tukaijazia chupa na kandambili tulizozikuta kwenye mstari wa maji, na vijana wa pale wakaongeza zao. Tuktuk ilitudai zaidi kwa sababu ya gunia, tukalipa.

Hema limeanikwa sasa uwani kwa dada yangu, limeoshwa kwa maji matamu ili chumvi isile zipu. Mpwa wangu anataka Desemba. Nimemkatalia, kwa sababu vuli itakuwa imenyesha bara na mto hautakuwa wa kulaliwa kando. Tumekubaliana mwezi wa Februari, shule zikipumzika katikati ya muhula, kiangazi, kabla ya masika. Safari hiyo tutapanda juu zaidi, tupite Chakama hadi Sala, tulale ndani ya Tsavo kwenye yale maeneo maalumu ya kambi ambayo shirika la wanyamapori huyatoa yakiwa matupu, bila bomba wala choo. Ada inalipwa kwa simu kabla ya kufika, lango linafungwa saa kumi na mbili jioni, na chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi humo tangu Juni 2020, kwa hiyo dumu zetu zitahitajika tena. Shemeji ameanza kuchonga vijiti vya kufukia vilivyo vizito zaidi. Na dada yangu, baada ya kusikia habari ya shabu na mronge mezani kwa siku kadhaa mfululizo, amesema mwezi wa Februari naye anakuja, na mbuzi ya nazi ataibeba yeye.